Kamba Tatu Zilizokatwa kwa Kisu: Kisa cha Madema na Nyavu za Dagaa, Pwani ya Tanga

Kabla ya kuanza

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, viongozi wa BMU (vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi na fukwe) na wajumbe wa mabaraza ya kata, watu ambao simu ikilia usiku wanaambiwa "njooni mtulize watu". Kilitokea katika wilaya mojawapo ya pwani ya Mkoa wa Tanga. Majina ya watu, vijiji na vyombo nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Madiko mawili yanayohusika, yaani sehemu za pwani wanakopandishia vyombo wavuvi, nitayaita Diko la Juu na Diko la Chini. Mimi niliitwa na mtendaji wa kijiji jambo likiwa limeshaiva; yaliyotangulia nimeyapata kwa waliokuwepo, wa pande zote mbili.

Niseme mapema ninakoegemea ili msomaji anipime. Ukiwaambia watu "msilipize kisasi", wengi wanasikia "nyamazeni". Wazee wetu nao, Mungu awape umri, mara nyingi ndivyo wanavyokusudia. Mimi nadhani kunyamaza ndiko kunakozaa kisasi, na kisa hiki nakitoa kwa sababu waliozuia moto ndani yake hawakunyamaza.

Madiko mawili na hori moja

Diko la Juu na Diko la Chini yanatazamana, hori la mikoko liko katikati. Maji yakitoka unavuka kwa miguu umekunja suruali. Yakijaa unalipia mtumbwi. Wameoana miaka na miaka, kiasi kwamba msiba wa huku ni msiba wa kule.

Kazi zao lakini ni mbalimbali. Juu ni watu wa madema na mishipi. Dema husukwa kwa mianzi iliyopasuliwa, likatiwa mawe na chambo cha mwani, likashushwa ukingoni mwa mwamba kungoja tasi, changu na pono. Mtu anaweza kuwa na madema kumi au zaidi chini ya maji, na huo ndio mtaji wake wote. Chini ni watu wa dagaa. Wanatoka usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wakishakusanyika wanazungushiwa wavu. Zamani taa ilikuwa karabai, sasa ni za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, maana taa haina kazi mbele ya mbaamwezi.

Ugomvi ulikuwa umejificha hapo, kwenye mwezi. Giza la mwandamo, ambalo mtu wa dagaa analisubiri kwa hamu, huja pamoja na bamvua. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake unavuta kweli kweli. Wavu uliozungushwa karibu na mwamba usiku wa namna hiyo haukai ulipotupwa. Unasukumwa mpaka ukingoni, kwenye madema ya watu. Ukishanasa kwenye kamba ya dema, nahodha ana dakika chache tu za kuchagua: aunasue taratibu huku chombo kinavutwa mwambani, au achomoe kisu.

Mambo mawili zaidi msomaji ayaweke kichwani. Kwanza, mashua iliyohusika ilikuwa ya tajiri anayekaa mjini. Mafuta yakishatolewa, chombo na wavu vina mgao wao, kinachobaki ndicho cha mabaharia. Kwa hiyo nahodha akipoteza wavu, aliyepoteza ni tajiri, ila anayefukuzwa kazi ni nahodha. Pili, wanunuzi wakubwa wa dagaa wa Chini ni wanawake wa Juu. Wanawachemsha kwa maji ya chumvi, wanawaanika kwenye vichanja, wanawauzia wachuuzi wa bara. Mume anazilaani nyavu za dagaa huku unga wa nyumbani kwake unanunuliwa kwa pesa ya dagaa. Katika kikao cha kwanza jambo hili hakulitaja mtu yeyote.

Halafu kuna ya zamani. Pwani ya Tanga iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mkoani mwaka 1994 ulivishirikisha vijiji kulinda miamba, na baadaye, kufuatia Sheria ya Uvuvi ya 2003, vikaja vikundi vya BMU. Kazi ilifanyika, lakini majina ya kubandikana yalibaki. Watu wa Chini bado wanakumbuka walivyokuwa wakiitwa "watu wa mabomu", mwenye kosa na asiye na kosa kapu moja.

Yaliyotokea

Asubuhi moja ya bamvua wenye madema wa Juu walitoka kwenda kuyapandua wakakuta vyelezo havipo. Madema tisa ya nyumba nne yalikuwa yamepotea. Baadhi ya vyelezo, yaani yale madumu ya njano tunayoyajua sote, viliokotwa kwenye mikoko vikiwa na vipande vya kamba. Mzee mmoja alishika kipande, akakitazama ncha, akasema hii imekatwa. Neno hilo lilifika kijijini kabla yake. Kufika adhuhuri halikuwa tena "kamba imekatwa", lilikuwa "Chini wametumalizia madema yetu".

Usiku uliotangulia taa za mashua moja ya Chini zilionekana karibu na mwamba. Hilo lilikuwa kweli, na lilitosha.

Siku ya pili yake baharia kijana wa Chini alivuka hori kwenda kuwaona wakwe zake. Vijana wa Juu walimngojea njiani, wakampiga mpaka akapoteza meno mawili. Hakuwa kwenye mashua ile usiku ule; hata chombo anachofanyia kazi ni kingine. Ndugu zake walimpeleka polisi akapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na jalada likafunguliwa. Wakati huohuo sauti zilianza kuzunguka kwenye simu. Niliisikiliza moja: mtu anaongea kwa utulivu kabisa, bila tusi, anasema mtu yeyote wa Juu akanyage Chini aone. Utulivu ule ulinitisha kuliko makelele.

Vijana wa Juu nao hawakungoja. Mashua ile inayoshukiwa ilikuwa imepandishwa pwani ya Chini inakalafatiwa, yaani inazibwa nyufa za mbao. Walinunua petroli, wakapanga kuvuka usiku maji yakiwa madogo. Mama wa mmoja wao aliliona dumu uvunguni. Hakumuuliza mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa diko.

Usiku wa petroli

Mzee huyu anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi wetu tungefanya tofauti. Hakuwaita vijana awahutubie. Alikwenda alipojua watapita, kwenye ngazi ya kuteremkia horini, akakaa. Walipofika wakamwamkia, naye akaitikia kama kawaida. Kisha akawauliza:

"Nani kati yenu amekwishaziangalia kamba?"

Hakuna aliyejibu.

"Mnakwenda kuchoma chombo cha watu kwa kamba ambazo hamjaziona. Mimi nimeona moja tu, na nilisema imekatwa. Zile nyingine sijui. Nyinyi mnajua?"

Mmoja akasema, "Mzee, kwani kuna haja? Taa zao zilionekana."

"Haja ipo. Nileteeni kila chelezo kilichookotwa na kila kipande cha kamba. Mniandikie dema la nani, lilikuwa wapi, limewekwa lini. Mkimaliza, nitakwenda nanyi mimi mwenyewe kwa tajiri."

Aliwaeleza pia, kwa maneno machache, habari ya kifungo. Hakukosea. Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinakihesabu chombo cha majini pamoja na jengo katika kosa la kuchoma moto, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Vijana waliniambia baadaye kwamba hayo yote yasingetosha. Kilichowarudisha ni kitu ambacho mzee alikitaja mwisho, karibu kwa bahati: fundi aliyekuwa akikalafati mashua ile alikuwa analala ndani yake kulinda zana zake, naye alikuwa mjomba wa kuzaliwa wa mmoja wao. Kijana yule aliketi palepale kwenye ngazi. Wenzake wakabaki wamesimama na dumu lao.

Sitaki kulipamba jambo hili. Usiku ule haukuokolewa na mafundisho ya amani. Uliokolewa na mjomba, pamoja na mzee aliyejua kila mtu alikolala. Lakini kazi aliyowapa ilifanya kitu ambacho mjomba asingeweza kufanya: siku nne zilizofuata hasira yao ilikuwa na shughuli. Walizunguka mikokoni kutafuta vyelezo na kugonga milango kuandika madema.

Kikao cha kwanza kilivyovunjika

Mtendaji aliitisha kikao siku ya tatu. Baraza la kata lilifikiriwa, kwa kuwa sheria yake ya 1985 inalipatia wajibu wa kutafuta suluhu na maelewano katika eneo lake, lakini tajiri alikuwa mtu wa mjini na watu waliogopa jambo litachukua muda. Ikaamuliwa kikao cha kijiji pamoja na BMU za pande zote mbili.

Tajiri hakuja. Nahodha wake alikuja, akasema sentensi moja na kuirudia: "Mimi ni mtu wa kazi tu, muulizeni mwenye chombo." Wazee wakaingia na wimbo wa yaishe, sisi ni ndugu, shetani amepita. Shehe akawakumbusha watu fadhila za kusamehe, akataja sehemu ya aya ya 40 ya Suratu Shura, kwamba anayesamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Kijana mmoja wa madema, aliyepita madrasa hiyohiyo ya shehe, akanyanyua mkono kwa adabu: "Samahani shehe wangu. Naomba tuisome tangu mwanzo."

Watu wakanyamaza. Mwanzo wa aya unasema malipo ya ubaya ni ubaya ulio mfano wake. Haki ya aliyedhulumiwa inatajwa kwanza, msamaha unafuata, nao ni wa mwenye haki kuutoa. Kijana hakuwa anatetea kisasi. Alikuwa anasema wameombwa kutoa kitu ambacho bado hakijakubaliwa kuwa ni chao. Nadhani alikuwa sahihi, na shehe, kwa ustahimilivu wake, alikubali.

Vijana waliondoka kikaoni. Dumu la petroli lilikuwa bado lipo.

Wanawake wanaacha kununua

Wazo halikutoka kwangu wala kwa mzee wa diko. Lilitoka kwa mama mmoja mwenye majiko ya dagaa, ambaye hapa nitamwita Bi Mkubwa. Alisema kwenye majiko: tajiri haji kwa sababu hajaguswa. Madema si yake, meno si yake. Kinachomgusa ni dagaa wake kukosa mnunuzi.

Mashua ilipomaliza kukalafatiwa na kurudi baharini, wanawake wa Juu waliendelea kwenda Chini kila alfajiri na ndoo zao kama kawaida. Walinunua kwa vyombo vingine vyote. Kwa ile moja hawakununua. Waliiamkia, wakauliza hali, wakapita. Nahodha alipouliza kuna nini, Bi Mkubwa alimjibu, "Mwanangu, hatuna ugomvi nawe. Mwambie tajiri tunamngoja kikaoni. Akija, tutanunua siku hiyohiyo."

Walijiwekea masharti: hakuna kutukana, hakuna kumzuia mnunuzi mwingine, hakuna kugusa mali ya mtu. Dagaa wabichi hawangoji katika joto letu. Jua likipanda wameanza kulainika, na wachuuzi wengine waliokuwepo hawakuweza kubeba shehena nzima. Bei ikaanguka.

Siku ya pili jambo likataka kuharibika. Mvulana wa Juu, mtoto wa mmoja wa wale mama, alivuka hori na kumwaga mchanga juu ya dagaa waliotandazwa kwenye turubai la mashua ile. Vijana wakafurahi. Bi Mkubwa alisimamisha mgomo siku hiyohiyo. Wale wanawake walichanga, wakanunua dagaa wale wenye mchanga kwa bei kamili, na mama wa mvulana akavuka naye kwenda kuomba radhi kwa nahodha mbele ya mabaharia. Kesho yake wakaanza upya.

Wengine waliuona ule kuwa ujinga wa biashara. Ninavyoona mimi, bila siku ile mgomo wote ungehesabika kuwa fujo. Mwaka 1922, baada ya umati kuchoma kituo cha polisi huko Chauri Chaura, India, na askari zaidi ya 20 kuuawa, Gandhi aliusimamisha mgomo wa kutoshirikiana na serikali ya Waingereza, na wenzake wengi walikasirika kwamba amewakata mkono wakiwa karibu kushinda. Hoja yake ilikuwa kwamba harakati ambayo haiwezi kujizuia haina cha kumwonyesha mpinzani. Sidhani kama Bi Mkubwa amepata kusikia habari za Chauri Chaura. Alijua tu kwamba mchanga ule ungempa tajiri cha kusema.

Siku ya tano tajiri alikuja.

Kikao cha pili na kamba jamvini

Kilifanyika chini ya mkwaju karibu na kivuko, pasipo pa Juu wala Chini. Walikuwepo mtendaji, BMU zote mbili, shehe, wazee, vijana wa madema, mabaharia, na safari hii wanawake watano wa majiko. Alikuwepo pia mzee mmoja mtani wa koo zote mbili, aliyealikwa makusudi. Anayeendesha vikao bila mtani pwani anajinyima chombo cha kazi: mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo likisemwa na mwingine ni tusi.

Vijana walitandika jamvi wakapanga kamba, kila moja na jina la mwenye dema. Fundi wa nyavu kutoka kijiji cha tatu aliombwa azitazame. Alichukua muda wake, akizigeuza ncha kwenye mwanga. Kamba tatu zilikuwa na ncha iliyo sawasawa, nyuzi zote zimeishia mahali pamoja. Hizo kisu. Sita zilikuwa zimechanguka, nyuzi ndefu na fupi, ncha imefura kama mswaki wa mti uliotafunwa. Hizo zimesagika kwenye mwamba.

Nahodha alizitazama zile tatu kimya. Kisha akasema, bila kuulizwa: "Hizi ni mimi. Wavu ulishika, maji yanavuta, nina watu sita chomboni. Nilikata. Nilipaswa kuja asubuhi kusema, sikuja. Niliogopa wavu nitadaiwa na huku, na dema nitadaiwa na kule."

Hapo ndipo mtu wa BMU ya Chini aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Mbona kamba zenyewe fupi hivi? Wenye madema wakatazamana. Mzee wa diko akajibu mwenyewe. Tangu wizi wa madema wa msimu uliopita, watu wa Juu walifupisha kamba ili maji yakijaa chelezo kizame, mwizi asikione. Maji ya bamvua yakijaa, hakuna chelezo hata kimoja kinachoonekana juu.

"Sasa mimi nitakiona vipi?" akauliza nahodha.

Mtani akadakia: "Mmeyaficha madema mpaka samaki wenyewe wanayatafuta kwa kuulizana njia, halafu mnamlaumu mtu aliyebeba taa!" Watu wakacheka, na wenye madema wakacheka wa kwanza. Kila msimu Juu walikuwa wakijilinda na mwizi kwa namna iliyoongeza kunasa kwa nyavu, na kila kunasa kulithibitisha machoni mwao kwamba Chini ni wezi.

Makubaliano yaliandikwa na kutiwa saini. Tajiri atatoa mianzi na kamba za madema matatu kamili, na nusu ya vifaa vya yale sita, kwa kuwa wavu wake uliyasukuma hata kama haukuyakata. Usiku wa bamvua la mwandamo nyavu zisizungushwe ndani ya mstari wa alama mbili za nchi kavu ambazo manahodha wote wanazijua. Kamba za madema zirudishwe urefu wake, na vyelezo vifungwe ukanda unaong'aa ukipigwa na taa. Wavu ukinasa na ikalazimu kukata, nahodha afunge kitambaa kwenye chelezo na atoe taarifa asubuhi. Akifanya hivyo si mkosaji, atalipa nusu tu. Vijana waliompiga baharia watalipa matibabu na mgao wake wa siku alizolala.

Kuhusu jalada la polisi niliwaeleza wazi kwamba kikao hakina uwezo wa kulifuta. Shauri lilifika Mahakama ya Mwanzo. Vijana wawili walikiri, wakatozwa faini na kuamriwa fidia, na fedha zilizokwishalipwa zikazingatiwa.

Hali ilivyo sasa

Kusi imeshapita na kaskazi ikarudi. Kamba bado zinakatwa, hilo lisifichwe, lakini vitambaa vinaonekana juu ya vyelezo na taarifa zinaletwa. Chombo kimoja cha Chini hakifuati mstari. Kimekwishapelekwa BMU mara kwa mara na bado kinasumbua. Petroli iliishia kwenye injini ya mtumbwi wa kuvushia watu.

Baharia aliyepigwa hajavuka hori tena. Mkewe huenda kwao peke yake. Ameomba kuhamia diko jingine kabisa.

Nilivyokisoma kisa hiki

Jambo la kwanza lililofanya kazi ni kwamba kuacha kisasi kulikuja na shinikizo. Kikao cha kwanza na cha pili vilikuwa na watu karibu walewale, shehe yuleyule na mtendaji yuleyule. Tofauti ilikuwa dagaa waliokosa mnunuzi. Ukimwomba mwenye nguvu aje kwa hiari yake bila kumpa sababu ya kuja, umemwachia aliyeumizwa njia mbili tu, kumeza au kuchoma. Mgomo wa wanawake ulifungua ya tatu. Nao ulifaa kwa sababu ulilenga chombo kimoja, uliomba kitu kimoja kinachowezekana, na mlango wa kurudi ulikuwa wazi kila alfajiri. Kama wangegomea Diko la Chini zima, ninavyowajua watu wale, Chini ingesimama nyuma ya tajiri kama mtu mmoja.

Ushahidi nao ulibadilisha maana ya jambo. Kisasi kinataka hadithi fupi yenye mbaya mmoja. Zile kamba jamvini zilionyesha kisu kipo, na mwamba upo, na woga wa nahodha upo, na kamba zilizofupishwa zipo. Hakuna aliyetoka bila lawama, na hakuna aliyebeba lawama isiyo yake. Nahodha alikiri mbele ya kamba tatu; sina hakika angekiri mbele ya shutuma za madema tisa. Wenzangu mnaoendesha usuluhishi, kabla ya kuwaita watu wakae, tafuteni kitu kinachoweza kuwekwa jamvini.

Nahodha alikuwa na watu wawili wa kuwaogopa, na makubaliano yalimpunguzia mmoja. Kipengele cha kitambaa kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachomfanya mtu aseme kweli asubuhi badala ya kujificha. Wazee wengine walikipinga, wakisema kinahalalisha kukata. Naelewa hofu yao, ila kukata kulikuwepo na kutaendelea kuwepo maadamu bamvua lipo. Kinachoweza kuondolewa ni ukimya unaofuata.

Kuhusu polisi na mahakama, wapo wanaodhani njia ya amani maana yake ni kuificha serikali. Kwa kosa la kuumiza mwili hilo ni hatari, na ni dhuluma kwa aliyeumizwa. Jalada kuendelea kuwepo kulisaidia: vijana waliingia kikao cha pili wakijua kuna kitu kinawangoja, na hawakuweza kukaa kama walalamikaji peke yao.

Sasa yaliyoshindwa. Kijana aliyepigwa alilipwa, lakini hakuulizwa. Kikao kilizungumza muda mrefu sana kuhusu mianzi na muda mfupi sana kuhusu meno. Hakuna aliyemuuliza angetaka nini ili aweze kupita njia ile tena. Pengine angetaka waliompiga wamsindikize kwa wakwe zake mchana kweupe. Pengine asingetaka kuwaona kabisa. Fedha ilichukua nafasi ya swali hilo, na ndiyo maana leo hori lile kwake ni pana kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Na wanawake. Siku zile za mgomo mzigo wao ulipungua, wateja wa bara wakaenda kwingine, na wengine walikuwa wamekopa kwenye vikoba wakitegemea mzunguko wa kila siku. Juu ya hayo walichanga kununua dagaa wenye mchanga. Habari hii si ya Tanga pekee. Mgomo wa mabasi ya Montgomery, Marekani, uliodumu siku 381 kuanzia Desemba 1955, ulibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake weusi waliofanya kazi za ndani na kutembea kwa miguu kwenda na kurudi, wakati majina yanayotajwa zaidi ni ya wahubiri. Kwetu hapa makubaliano yaliyotiwa saini chini ya mkwaju yanataja madema, nyavu, vyelezo, meno na mgao. Neno dagaa halimo.

Bi Mkubwa ameandikiwa barua na binti yake, kwa mwandiko mzuri, kwenda BMU zote mbili. Anaomba wanawake wa majiko warudishiwe mchango wa dagaa wenye mchanga, na wawe na wajumbe wawili katika kila kikao kinachohusu mwamba. Ombi la pili limekubaliwa kwa Juu. Chini hawajajibu, na la kwanza halijajadiliwa upande wowote.